Nilivyoishonea Nguo Ndege ya Mume Wangu

Tulipoachana wiki iliyopita, kidole cha Mzee Kobus, fundi mkaguzi wa ndege, kilikuwa kimezama kwenye bawa la ndege ya mume wangu mpaka kwenye pete.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Evarista, fundi cherehani, mtoto wa Morogoro, mkazi wa Bertrams hapa Johannesburg, mwaka wa thelathini na tatu sasa. Mume wangu Sipho nilimpata Mazimbu, enzi zile vijana wa Afrika Kusini wamejaa kwetu wakisubiri nchi yao iwe huru. Ikawa huru, akanileta. Akaajiriwa ulinzi, akafungua na kufunga mageti ya watu hadi akastaafu. Walipompa kiinua mgongo hakununua nyumba wala kiwanja. Alinunua ndege.

Ni ndege ya viti viwili, kuukuu kuliko sisi wote wawili. Mifupa yake ni ya mbao na chuma, na juu ya mifupa imevikwa kitambaa. Msomaji mmoja wa Ifakara ameniandikia kuuliza kama nimerogwa. Sijarogwa, mwanangu. Kuna ndege zinavaa nguo, na moja nimeishonea mimi.

Bei yake haikuzidi ya Corolla iliyotumika. Hapo ndipo Sipho alipodanganyika, maana kununua ndege si kazi. Kazi ni kuwa nayo. Banda lake linataka kodi kila mwezi, hata kama haijasogea hatua moja. Kila mwaka lazima ikaguliwe na fundi mwenye leseni, na kila akifungua kifuniko anakuta kitu kingine kimechoka. Watu wa bima walikataa hata kuitazama picha yake. Mwezi wa tatu tangu tuinunue tuliuza gari. Tukawa watu wenye ndege tunaokwenda kuiangalia kwa miguu, kuanzia taa za mwisho za barabarani, teksi zinapoishia.

Basi Mzee Kobus akakichomoa kidole chake, akakifuta kwenye ovaroli.

"Mama," aliniambia mimi, siyo Sipho, "nguo imeoza. Yote. Ndege hii siitii saini."

Sipho akauliza nguo mpya ni kiasi gani. Kobus akataja. Sipho akakaa chini, juu ya tairi.

Ilikuwa mara mbili ya bei ya ndege yenyewe.

"Sehemu kubwa ni kazi ya mikono," Kobus alisema kama anayeomba radhi. "Kukata, kushona, kubandika. Ni kazi ya miezi."

Laiti ningekuwa natafuna kitu wakati ule, mdomo ungekuwa na shughuli.

"Kushona?" nikasema. "Mimi nashona."

Kobus akacheka. Huyu ni Kaburu wa miaka sabini na kitu, mikono kama koleo. Sipho alikimbia nchi hii kwa sababu ya Makaburu, na leo ni Kaburu anayemshikia bawa. Nilimwambia Sipho avue koti, nikaligeuza ndani nje, nikamwekea Kobus mshono wangu kiganjani. Alivaa miwani ya kusomea, akautazama, akaacha kucheka.

"Sawa," akasema. "Mwenye ndege anaruhusiwa kusaidia kazi, mimi nikisimamia. Ila kitambaa kiwe kile cha ndege, chenye mihuri. Kingine siweki mkono wangu."

Njiani kurudi nyumbani Sipho alinishika mkono. Hajanishika mkono barabarani tangu Thandeka wetu azaliwe.

Niwakumbushe kwa nini mzee wangu huyu anahangaika hivi. Akiwa na miaka ishirini na mbili wakubwa wa chama chake walimchagua aende ng'ambo kusomea urubani. Wakampima, wakampa koti la baridi. Safari ikafutwa, koti likabaki. Uzeeni amejifunza kurusha ndege kwa kudunduliza, saa moja mwezi huu, nusu saa mwezi ujao, akapata leseni ndogo. Na presha nayo ikampata. Daktari amempa cheti cha afya mpaka mwezi wa nne, akamwambia waziwazi kwamba kingine hatampa.

Kitambaa alituletea Ignace.

Ignace ni Mkongomani wa Lubumbashi. Anawasafirishia wafanyabiashara mizigo, ni shemasi kanisani kwake, na ni mume wa Clémentine. Clémentine ndiye anayekaa kwenye cherehani ya pili chumbani kwangu, mwaka wa tisa huu. Binti yao Héritière alijifunza kutembea akishikilia meza yangu ya kukatia. Nawaambia haya ili mjue nilimfanyia nani nitakayowasimulia.

Ignace aliagiza jora kutoka Amerika, likaja na karatasi zake zote. Alilishusha begani mwenyewe.

"Mama, hii kitambaa iko ya kweli," akasema. "Nimeifuata miye mwenyewe mpaka ku airport. Angalia mihuri."

Mihuri ilikuwapo, ya buluu, imepangana ukingoni. Kobus naye aliiona, akaridhika. Akampa Sipho karatasi mbili za maelekezo, Sipho akanipa mimi.

Karatasi ya kwanza niliisoma kwa makini. Ilikuwa ya mshono: uzi gani, sindano gani, matundu mangapi. Ya pili niliitazama kwa juu, nikaona maneno ya joto na vipimo vya joto, nikasema hayo ni mambo ya Kobus. Nikaweka birika la chai juu yake.

Sasa nafika mahali ambapo sijawahi kufika mbele ya padri.

Sista aliyetufundisha ushonaji Morogoro alikuwa na amri moja kuliko zote: fundi mzuri hakati kitambaa kisichoonja maji. Kwanza kiloweke, kianike, kisha kipige pasi ya moto kweli, ili kama ni cha kurudi kirudi kikiwa mezani, siyo mwilini mwa mtu. "Usipokirudisha wewe kitambaa," alikuwa akisema, "mteja atakurudishia gauni." Miaka arobaini sijavunja amri hiyo. Sijawahi kurudishiwa gauni.

Jumanne ile nilikuwa peke yangu. Clémentine alikuwa Pretoria kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi. Nililowesha jora lote, nikalianika uani, nikawasha pasi. Pasi yangu ni nyepesi. Nikachukua ya Clémentine.

Pasi ya Clémentine ni nzito, imetoka naye Lubumbashi. Ilimwanguka mpakani, ikapata pengo dogo karibu na ncha, na tangu hapo inaacha mstari mwembamba unaong'aa. Tunamtania kwamba anatia sahihi kazi zake. Ndiyo maana tukipiga nguo nzuri tunaweka kitambaa cha pamba katikati. Siku ile sikuweka. Nilitaka moto uingie.

Kitambaa kilijikusanya mbele ya macho yangu. Kila mita ilipungua kiganja kizima. Nikasema, kumbe hiki ni kibaya hivi, bora nimekiwahi.

Nilifurahi, wasomaji. Niliimba na wimbo.

Kisha nikakata, nikashona mfuko wa bawa. Bawa la ndege huvikwa kama mto unavyovikwa foronya, kisha kingo zinagandishwa kwa gundi. Kwa kuwa kitambaa kilipungua, nilibana hapa, nikaunga pale, na mwisho ulitoka mfuko usio na kosa. Clémentine alirudi kutoka Pretoria, akaushika, akasema, "Mama, hata bibi arusi hajavaa hivi."

Jumamosi tuliupeleka bandani. Tukauvuta juu ya bawa, mimi huku, Sipho kule, Kobus katikati. Ulikaa. Kobus aliwaita na wenzake wa mabanda ya jirani waje kuona mishono, wazee watatu wenye kaptura, wakaja na vikombe vyao vya kahawa. Gundi ilipokauka, Kobus akachukua pasi ndogo iliyofungwa kipimajoto.

"Sasa hapa ndipo uzuri ulipo," aliniambia. "Kitambaa hiki hakikazwi kwa kuvuta. Kinakazwa kwa moto. Wanakiuza kikiwa hakijarudi, makusudi kabisa, ili kirudi kikiwa juu ya bawa. Utaona, kitakaza kama ngoma."

Pasi haijagusa, na mimi nilishajua.

Alipiga pasi mara ya kwanza. Kikabaki kama kilivyo. Akaongeza moto, akapiga tena. Akaongeza tena. Wazee wa kaptura wakaacha kunywa kahawa.

Sipho akagonga bawa kwa vidole. Lililia kama godoro.

Kobus akaweka pasi chini. Akanitazama mimi.

"Kuna mtu alikipiga pasi hiki kabla?"

Swali liliulizwa kwa lugha ninayoielewa, na mtu mwenye haki ya kuuliza. Ilibaki kusema ndiyo.

Sipho akajibu kabla yangu.

"Wena, Kobus. Huyu ameshona miaka arobaini. Unamuuliza kama mtoto wa shule?"

"Nauliza tu."

"Usimuulize yeye. Muulize aliyekileta."

Kobus alikuna kidevu. "Kama hakijapigwa pasi," akasema polepole, "basi si chenyewe. Mtu amechukua kitambaa cha kawaida akakigonga mihuri. Mtu anayeuza kitambaa bandia cha ndege anauza kifo, Sipho. Hiyo ni kesi ya polisi." Akakata vipande viwili, kimoja akakitia kwenye bahasha yake, cha pili akampa Sipho.

Mimi niliomba maji ya kunywa.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, nikaondoa birika. Karatasi ya pili ilikuwa na duara la chai, na ndani ya duara, kwa herufi kubwa: kisifuliwe, kisipigwe pasi kabla ya kuvikwa. Ungedhani birika lenyewe lilikuwa linanionyesha. Niliikunja karatasi nikaitia ndani ya mkoba wangu.

Jumatatu Sipho alinichukua twende kwa Ignace. Ofisi yake iko mjini kati, chumba kimoja kati ya maduka ya jumla ya mablanketi. Clémentine alikuwa pale, amemletea mumewe chakula.

Sipho hakusalimu. Alitupa kipande mezani, karibu na sahani.

"Kitambaa gani hiki ulinipa?"

Ignace alikitazama. "Ni ile ya ndege, Tata Sipho."

"Ya ndege inakaza. Hii haikazi. Kobus anasema bandia."

"Nilikupa vile niliipokea, Tata. Carton ilikuwa imefungwa. Weye mwenyewe uliona karatasi."

"Karatasi hata mimi naweza kuchapisha pale Newtown, dakika tano." Sipho alikuwa anatetemeka. Sijawahi kumwona hivyo, na ile presha yake niliihisi mimi kichwani. "Eish, Ignace. Kule Mazimbu tulifundishwa methali moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliikariri tu nipate maksi. Leo ndiyo naielewa."

Aliielewa nusu. Nusu nyingine ilikuwa imesimama nyuma yake na mkoba.

"Kesho nakwenda polisi," akasema.

Ignace akasimama, akashika ukingo wa meza. "Tata, polisi hapana. Naomba. Karatasi yangu ya ukimbizi inaisha mwezi unaokuja. Wakifungua dossier, ile faili yao, juu yangu, hawataiongeza tena. Watanirudisha, miye na bibi na mtoto. Héritière hajui hata Lubumbashi iko wapi."

Kisha akanigeukia.

"Mama Evarista. Weye unanijua."

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Mungu atasaidia."

Nimewahi kusema uongo maishani, kama kila mtu. Lakini jibu lile halikuwa hata uongo, na ndiyo maana linaniuma kuliko uongo.

Ignace akaomba jambo moja, kwamba kabla ya polisi tukutane kanisani kwake mbele ya wazee, kwa desturi yao, Ijumaa saa kumi jioni. Sipho akakubali kwa shingo upande. "Ukija na jora lingine, yameisha. Ukija mikono mitupu, Jumatatu asubuhi niko kituoni."

Tukiwa tunatoka nilimwona Clémentine akikiokota kile kipande. Alikipeleka dirishani, akakiinamisha kwenye mwanga, huku, kule. Alikitazama kwa muda. Kisha akakikunja mara nne akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, na wakati anafunga alikuwa ananitazama mimi.

Asubuhi yake alikuja kazini kwa wakati, kama kawaida. Akanisalimu, nikaitika. Akashona vifungo vya mashati ya shule mpaka saa nne. Saa nne akawasha pasi yake.

Alitandika kipande cha bitana nyeupe mezani kwangu, akakipitisha pasi mara moja tu. Kisha akafungua pindo la kitenge, akakilaza kile kipande pembeni.

Mistari miwili, myembamba, inang'aa. Ungesema ni ndugu.

"Mama," akasema, "nilienda ku Pretoria siku gani?"

"Jumanne."

"Na siku ile nani alitumikisha pasi yangu?"

Nilishika mkasi nikauweka. Nikaushika tena.

"Clémentine, mwanangu, sikujua. Nilifuata nilivyofundishwa."

"Najua. Hata miye ningefanya vile." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Kukosea si kitu. Lakini siku ya Jumatatu ulikuwa unajua, na bwana yangu alikuuliza mbele yangu."

"Utamwambia?"

"Hapana. Nikimwambia, atakuja hapa kukupigia magoti juu useme. Sipendi bwana yangu apigie mtu magoti ku kitu yenye hakufanya. Utasema weye mwenyewe. Uko na siku mpaka Ijumaa."

"Na nisiposema?"

Aliichomoa pasi ukutani. "Utasema," akanijibu. "Nakujua."

Watu wawili katika siku mbili: mmoja ameniambia namjua, mwingine ameniambia ananijua.

Alhamisi nilijaribu. Nilipika ndizi na nyama, chakula anachokipenda Sipho tangu Morogoro, nikamngoja amalize. Nikasema, "Baba Thandeka, nina neno."

"Ngoja, mimi kwanza." Alisukuma sahani. "Kobus amenipigia. Anasema hata kama kitambaa ni takataka, mishono yako ameipiga picha akawatumia watu wa Cape Town. Anasema fundi kama wewe hajamwona. Mke wangu, mimi nimebeba funguo za watu maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa kitu. Leo nasifiwa kwa sababu yako."

Alikuwa na machozi. Mzulu, mzee wa miaka sitini na tatu, na machozi mbele ya sahani ya ndizi.

"Neno gani ulitaka?"

"Nilitaka kukuuliza kama unaongeza mchuzi."

Nisijifiche nyuma ya machozi yake. Sikumwogopa Sipho. Angefoka siku mbili, ya tatu angeomba chai. Niliogopa kuwa fundi aliyeharibu. Jina hilo ndilo peke yake nililojitengenezea katika nchi hii, na nililipima na watoto wa watu, nikaona jina ni zito zaidi. Ndiyo dhambi yangu, na sitafuti jina lingine la kuiita.

Ijumaa ikafika.

Kanisa lao liko ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani lililokuwa ofisi za bima. Lifti ilikufa siku nyingi. Nilipanda ngazi nikiushika mkoba, na ndani ya mkoba ile karatasi yenye duara la chai. Nilikuwa nimeshaamua. Naapa kwa kaburi la mama yangu, nilipofika ghorofa ya pili nilikuwa nimeshaamua na maneno nilikuwa nayo: nitasimama, nitaisoma, nitakaa.

Wazee watano walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Wanawake walikuwa upande wao, Clémentine mstari wa mbele na mfuko mkubwa wa sokoni miguuni. Aliniinamishia kichwa, kidogo tu, kama mtu anayesema karibu.

Pasta akaomba. Kisha akamwambia Ignace aseme.

"Sina jora lingine," Ignace alisema. "Nimeuliza kule nilinunua, wanasema hawakukosea. Miye pia sikukosea. Sijui kitambaa ilikuwa nini. Lakini najua mikono yangu."

Wazee wakamgeukia Sipho. Akasimama. Alikuwa amevaa koti nililomshonea mimi, lile lile la bandani.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," akasema, "na Kiswahili changu ni cha shule ya wakimbizi. Nyinyi hamjui ndege, hata mimi sijui kitambaa. Lakini hapa yupo anayejua. Mke wangu. Wengi wenu mmevaa mikono yake. Nani hapa amewahi kurudisha nguo kwake?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Hajawahi." Mwingine akaitikia.

"Basi aseme yeye," Sipho akasema. Akanipa kile kipande cha kwenye bahasha, alichokuwa ameenda kukiomba kwa Kobus. "Kishike, Mama Thandeka. Waambie wazee kama ni chenyewe au bandia. Utakachosema wewe, mimi nakubali. Ukisema ni chenyewe, namwomba Ignace msamaha hapa hapa."

Nilimwona Ignace akipumua. Mabega yake yalishuka, uso ukafunguka. Alifurahi kwamba nimepewa mimi.

Nikakipokea kitambaa. Nikakipapasa kwa kidole gumba, nikakigeuza, kama nifanyavyo dukani watu wakinitazama. Mstari ulikuwa pale, chini ya kucha yangu. Karatasi ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa begani. Mwanamke wa nyuma alikuwa bado anatikisa kichwa kwa sifa.

"Ni bandia," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu. Haikutetemeka hata kidogo.

Ignace hakupiga kelele. Alipapasa nyuma yake akitafuta kiti, kama mtu asiyeona, akakaa. Mzee mmoja akavua miwani. Sipho akasema, "Mmesikia," lakini kwa sauti ndogo, kama ambaye naye alitumaini jibu lingine.

Clémentine akainuka.

Alibeba mfuko wake mpaka mbele, kwenye meza ya Pasta. Akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua mezani. Akafungua pindo la kitenge, akakilaza kile kipande pembeni, akatoa pasi yake yenye pengo. Akafuata waya wa kinanda cha kwaya mpaka ukutani, akauchomoa, akachomeka wa pasi yake. Taa nyekundu ikawaka.

"Pasta, nipe dakika mbili," akasema. "Ipate moto."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mmoja.

Kisha akanigeukia, na akaniita vile vile anavyoniita kila siku ya kazi, miaka tisa, bila chuki yoyote.

"Mama Evarista, kuja unisaidie. Ushike upande ule, kama siku zote."

Sipho akaniwekea kiganja mgongoni, akanisukuma taratibu. Alikuwa anatabasamu.

"Nenda," akasema. "Waonyeshe."

Nikaenda. Nikashika ncha mbili za kitambaa cheupe, yeye akashika zake, tukakinyoosha mezani. Taa nyekundu ya pasi ikazimika, ishara kwamba moto umetosha.